“Hatukukukuta”: neno moja, “ku” tatu, kazi tatu

*“Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha nne. Kwenye jaribio la Kiswahili tuliambiwa tubainishe mofimu za maneno ‘amekuja’, ‘hakuja’ na ‘hatukukukuta’, kisha tueleze dhima ya kila mofimu. Mimi nilikata ha-tu-ku-ku-ku-ta, nikaandika kwamba ‘ku’ zote ni viambishi vya kitenzi-jina kama kwenye ‘kusoma’. Nimepata alama 2 kati ya 15. Mwenzangu anasema ‘ku’ ni ukanushi popote inapotokea, naye pia alikosa. Je, nikariri orodha ya ‘ku’ zote, au kuna njia ya kuzitambua? Mtihani wa taifa umekaribia na swali hili limeanza kunitisha.”*

Marahaba, mwanangu. Unachouliza ni hiki: vipande vinavyofanana kwa sura utavitofautishaje, na utajuaje pa kukata? Njia ipo, na ukiizoea hutahitaji orodha ndefu. Kwanza tuondoe makosa mawili yaliyokula alama zako, maana yamejificha moja ndani ya jingine.

Kosa la kwanza ni kwamba ulikata silabi ukidhani unakata mofimu. Silabi ni pigo moja la sauti, ndiyo maana unaweza kuihesabu kwa kupiga makofi. Mofimu ni kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana au kazi ya kisarufi. Mara nyingine viwili hivi hukutana, na hapo ndipo mtego ulipo. Chukua “anapikiwa”. Kwa makofi ni a-na-pi-ki-wa, silabi tano. Kwa mofimu ni a-na-pik-i-w-a, mofimu sita: “a” ya nafsi ya tatu umoja, “na” ya wakati uliopo, mzizi “pik”, “i” ya kauli ya kutendea, “w” ya kauli ya kutendwa, na kiishio “a”. Mzizi wa kitenzi cha Kibantu huishia kwenye konsonanti mara nyingi, ilhali silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu. Kwa hiyo ukikata kwa masikio utapasua mzizi karibu kila mara.

Neno “hatukukukuta” ni hatari kwa sababu lina silabi sita na mofimu sita pia. Ukihesabu utaona idadi imetimia, ukatulia. Lakini mipaka ya mwisho si ileile: silabi ni ku-ta, mofimu ni kut-a.

Kosa la pili ni lako na la mwenzako kwa pamoja, ingawa mlifika kwenye majibu tofauti. Kila mmoja wenu aliitazama sura ya “ku” akaipa jina. Wewe ulikumbuka “kusoma”, yeye akakumbuka “hakusoma”. Mofimu haitambuliwi kwa sura yake. Hutambuliwa kwa kazi inayofanya mahali ilipo, na kazi hiyo huonekana ukibadilisha kitu kingine ndani ya neno, kisha ukatazama “ku” inafanya nini: inabaki, inapotea, au inampisha mwingine akae mahali pake. Fanya badiliko moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mawili hutajua lipi limeleta matokeo.

Tuanze na “amekuja” na “hakuja”, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Yaache yote mengine kama yalivyo, ubadilishe mzizi tu. Ondoa “-ja”, weka “-soma”. “Amekuja” inakuwa “amesoma”: “ku” imetoweka. “Hakuja” inakuwa “hakusoma”: “ku” imebaki. Kama “ku” hizi mbili zingekuwa na kazi moja, zingebaki zote au zingetoweka zote. Hili ndilo jaribio ninalotaka ulishike kuliko mengine yote, na hata kwenye chumba cha mtihani halichukui zaidi ya sekunde kumi.

“Ku” ya “hakuja” inabaki kwa sababu ina maana yake. Linganisha: “hasomi”, “hakusoma”, “hatasoma”, “hajasoma”. “Ha” ya mwanzo iko katika maneno yote manne, kwa hiyo ukanushi wenyewe unabebwa nayo. Kinachobadilika baada yake ndicho kinachotuambia wakati. “Ku” imekaa mahali ambapo katika uyakinishi, yaani hali isiyokanusha, hukaa “li”: “alisoma”, “hakusoma”. Ndiyo sababu jibu la “ku: ukanushi” peke yake ni nusu jibu, na msahihishaji makini anaweza kukunyima alama. Andika “ku: wakati uliopita katika hali ya ukanushi”. Neno zima ni ha-ku-j-a: “ha” ya ukanushi pamoja na nafsi ya tatu umoja, “ku” ya wakati uliopita katika ukanushi, mzizi “j”, kiishio “a”.

Utauliza “a” ya nafsi imekwenda wapi. Imemezwa na “ha”. Ukisema “hatukuja” au “hawakuja” nafsi inaonekana wazi, lakini “ha” ikikutana na “a” sauti hubaki moja. Vivyo hivyo “hukuja” ni “ha” na “u” zilizoungana, na “si” ya “sikuja” hubeba nafsi ya kwanza umoja na ukanushi kwa wakati mmoja. Kipande kimoja kikibeba kazi mbili, zitaje zote mbili.

Sasa “ku” ya “amekuja”, ile iliyotoweka. Hapa inafaa ujue sababu, maana ukiijua hutababaika tena na vitenzi vya namna hii. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-me-SO-ma, wa-na-CHE-za. Vipo vitenzi vichache vyenye mzizi mfupi mno, ambavyo ukivitoa viambishi vyote hubaki silabi moja tu: -ja, -la, -fa, -nywa, -wa, -cha, -pa. Ukisema “ameja”, mkazo utaiangukia “me”. Viambishi “na”, “li”, “ta” na “me” havipokei mkazo. Basi “ku” huwekwa katikati iupokee: a-me-KU-ja.

Viambishi vinavyoweza kuubeba mkazo havihitaji msaada huo. Tunasema “akija”, “akala”, “hula”, “asile”, “hajafa”, na “ku” haimo. Na “hakuja” haiwi “hakukuja”, kwa kuwa “ku” ya wakati uliopita inaweza kubeba mkazo yenyewe. Lakini “hatakuja” inayo, kwa sababu “ta” haiwezi.

Na kwa nini “na, li, ta, me” ni dhaifu hivyo? Kwa asili vilikuwa maneno yanayojitegemea. “Ta” ni mabaki ya “taka”, “li” ni kitenzi cha zamani cha kuwa, “na” ni ileile ya “kuwa na”, na “me” inatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. “Atakula” lilikuwa kama kusema “ataka kula”. Maneno mawili yalipoungana, “ku” ya kitenzi-jina ilidondoka kwenye vitenzi virefu, ikabaki kwenye vifupi kwa kuwa ilikuwa na kazi ya kufanya. Kwa hiyo jibu lako la “kitenzi-jina” lilikuwa na chembe ya ukweli wa kihistoria katika “amekuja”. Katika uchanganuzi wa leo, hata hivyo, dhima yake si kuunda kitenzi-jina. Andika a-me-ku-j-a: nafsi ya tatu umoja, hali timilifu, “ku” ya kukamilisha umbo la kitenzi cha silabi moja, mzizi, kiishio.

Tuje kwenye “hatukukukuta”. Usilikate kwanza. Lirudishe kwenye uyakinishi: “tulikukuta”. “Ku” moja imeondoka na “li” imeingia, na “ha” ya mwanzo nayo imeondoka. Hivyo “ku” ya kwanza baada ya “tu” ni ile ya wakati uliopita katika ukanushi. Umebaki na “tulikukuta” yenye “ku” mbili. Badilisha mtu aliyekutwa: “tulimkuta”, “tuliwakuta”, “tulinikuta”... hapana, hilo la mwisho halina maana, lakini umeona mlango ulipo. “Ku” hii inapisha “m” na “wa”, kwa hiyo ni kiambishi cha yambwa, nafsi ya pili umoja: wewe uliyekutwa. Imebaki moja. Ijaribu kwa kila namna: “tulimkuta”, “mkute”, “hatumkuti”, “tumekutana”. Haiondoki. Haibadiliki. Ni sehemu ya mzizi “kut”. Kinachobadilika ni irabu ya mwisho, “a”, “e”, “i”, nayo ndiyo kiishio.

Basi: ha-tu-ku-ku-kut-a. “Ha” ya ukanushi, “tu” ya nafsi ya kwanza wingi, “ku” ya wakati uliopita katika ukanushi, “ku” ya yambwa nafsi ya pili umoja, mzizi “kut”, kiishio “a”. Mofimu sita. Ukijumlisha na tano za “amekuja” na nne za “hakuja” unapata zile 15 ulizokuwa unazitafuta.

“Ku” iliyo ndani ya mzizi ndiyo inayowaponza hata wanafunzi hodari. Kuna “kumbuka”, “kubali”, “kuta”, “kusanya”, “kua”. Njia ya haraka ni kuamrisha. Huwezi kumwambia mtu “kusoma!” ukiwa unamwamrisha, utasema “soma!”, na “ku” itaondoka. Lakini utasema “kumbuka!”, “kubali!”, “kusanya!”. Kinachobaki kwenye amri ni mali ya mzizi. Tahadhari moja: vitenzi vya silabi moja huvunja jaribio hili, kwa sababu tunaamrisha “kula!” na “kunywa!”. Neno lisingesimama kwa silabi moja, kwa hiyo “ku” imekuja kulishika mkono. Vitenzi hivyo vipime kwa “akila”, “akinywa”, na “ku” itaondoka mara moja.

Kwenye “kubali” kuna jambo jingine. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na “i” yake ya mwisho si kiishio. Usiandike kubal-i. Mzizi ni “kubali” mzima, ndiyo maana tunasema “hakubali” katika wakati uliopo na irabu haikugeuka. “Alikubaliwa” ni a-li-kubali-w-a.

Nikae kidogo kwenye “kua” na “kuwa”, maana hapa kosa la mofimu huwa kosa la tahajia, na insha nyingi hupoteza alama kwa ajili yake. “Kua” ni kuongezeka kimo au umri, na mzizi wake ni “ku”. Kitenzi-jina chake ni “kukua”, chenye ku-ku-a: ya kwanza ya kitenzi-jina, ya pili mzizi. “Kuwa” ni kitenzi cha silabi moja chenye mzizi “w”. “Mtoto amekua” ni a-me-ku-a, ameongezeka kimo. “Mtoto amekuwa mtundu” ni a-me-ku-w-a. Ukishindwa kuamua uandike lipi, likanushe katika wakati uliopita: “hakukua” na “hakuwa”. Ukipata “ku” mbili, ni la kuongezeka kimo, andika bila “w”. Ukipata moja, andika “w”.

Kuna neno moja ambalo jaribio lenyewe linatoa majibu mawili, na yote ni sahihi. “Simba atakula.” Kama simba atapata mlo wake, “ku” ni ile ya kubeba mkazo. Kama wewe ndiwe mlo, “ku” ni yambwa, sawa na “atamla” na “atatula”. Kiambishi cha yambwa kinaweza kubeba mkazo, kwa hiyo kikiingia kinaisukuma nje ile “ku” ya msaada, na maneno mawili yanabaki na sura moja. Ukipewa neno la aina hii peke yake, bila sentensi, andika maana zote mbili na uchanganuzi wa kila moja. Ukipewa sentensi, muktadha ndio uamue. Kwa njia, ndiyo sababu “-pa” huioni kamwe na “ku” ya msaada: kitenzi hiki hakikai bila yambwa, kwa hiyo “amekupa” daima ni “amekupa wewe”.

Zipo pia “ku” za mahali. “Kumekucha” ni ku-me-ku-ch-a: ya kwanza ni kiambishi cha ngeli ya mahali kikiwa kwenye nafasi ya kiima, ya pili ni ya silabi moja. Ikanushe upate “hakujacha”, utaona ya kwanza imebaki na ya pili imeondoka, kwa sababu “ja” hubeba mkazo. Na ukikuta “kusoma kwake kunapendeza”, hapo ndipo “ku” yako ya kitenzi-jina ilipo kwa haki, ikifuatwa na upatanisho wa ngeli ya KU.

Sasa swali lako la kukariri. Sikwambii usikariri kabisa. Kuna seti ndogo zilizofungwa ambazo ni lazima ziwe kichwani: viambishi vya nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), vya yambwa (ni, ku, m, tu, wa), vya njeo na hali (na, li, ta, me, hu, ki, ka), na vya kauli (i au e, w, ish au esh, an, ik au ek). Hizo utazimaliza kwa juma moja. Orodha ya “ku” kwa majina yake nayo haina ubaya, ila haitakusaidia kuamua ipi ni ipi ndani ya neno usilolijua. Orodha hukupa majina, jaribio hukupa uamuzi. Mwanafunzi mwenye orodha tupu hufanya kile ulichofanya: huchagua jina linalokuja kwanza.

Unapoandika jibu, fuata mpangilio huu. Andika neno lote, kisha likate kwa vistari, kisha orodhesha kila mofimu na dhima yake katika mstari wake. Usiunganishe mbili kwa haraka (“ha-tu: ukanushi na nafsi”), kwa maana msahihishaji anatafuta kila kipande peke yake. Usisahau kiishio, ni alama nyepesi kuliko zote na ndiyo inayoachwa zaidi. Mzizi uandike bila kiishio, “kut-”, si “kuta”. Ukiunganisha tena vipande vyako vyote, lazima lipatikane neno lilelile herufi kwa herufi. Katika “amekwenda” mofimu ni a-me-kw-end-a: “u” imegeuka “w” mbele ya irabu, nawe uandike “kw” kama ilivyo.

Istilahi zinatofautiana. Utakuta “njeo” na “wakati”, “yambwa” na “mtendwa”, “kiishio” na “irabu tamati”. Tumia zile zilizomo kwenye kitabu cha darasani kwako, na usichanganye mbili katika jibu moja. Hili linawahusu pia watahiniwa wa KCSE nchini Kenya, ambako matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80 za karatasi ya pili. Jambo jingine ni lugha ya nyumbani. Mtaani utasikia “sijakula” na “hajakuja” kila siku, na anayesema hivyo anaeleweka bila shida. Kwenye mtihani andika “sijala” na “hajaja”, kwa sababu Kiswahili sanifu kinaiacha “ja” ibebe mkazo yenyewe.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Chukua karatasi yako ya jaribio umpelekee mwalimu wako wa Kiswahili, umwombe akuonyeshe zile alama 2 zilitoka wapi. Muulize hasa mambo mawili: anataka “ha” ya “hakuja” iandikwe kama mofimu moja yenye kazi mbili au kwa njia nyingine, na “ku” ya “amekuja” darasani mnaiitaje. Kuhusu haya walimu hawakubaliani wote, nawe utasahihishwa kwa kile mlichofundishwa. Tena, kama ukijaribu maneno mepesi kama “wanacheza” na “tulipika” bado mzizi unakuponyoka, usiendelee kujisomea peke yako usiku. Kaa na mwalimu au mwenzako anayeliweza somo hili, mkate maneno kwa sauti, yeye akikuuliza “ukibadilisha hapa inakuwaje?” baada ya kila kistari. Dakika ishirini kwa siku, maneno matano tu.

Anza kesho na haya: “alikukumbuka”, “hukunywa”, “sikukukubali”, “kukutana”, “hatakufa”. Yafanye bila kutazama chini. Majibu ni a-li-ku-kumbuk-a, hu-ku-nyw-a, si-ku-ku-kubali, ku-kut-an-a, ha-ta-ku-f-a. Ukikosa lolote, rudi kwenye neno hilohilo ubadilishe kitu kimoja mpaka uone “ku” imefanya nini, kabla hujaenda kwenye linalofuata.